Alicheza Wapi?

Wiki 6 zilizopita kamati yetu ya michezo hapa Muscat ilikutana kumchagua mwalimu wa timu ya vijana, yaani hawa watoto wetu wanaofanya mazoezi Alkhamisi na Jumamosi jioni. Majina yaliyoletwa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la bwana mmoja ambaye sisi tuliokulia Unguja tulikuwa tukiparamia kuta za uwanja ili tumwone. La pili lilikuwa la kijana anayesomesha hesabu, ambaye goti lilimkatisha mpira kabla hajafika popote, na ambaye kwa miaka 3 amewafundisha watoto hao bila ya malipo, daftari mkononi. Jina la kijana huyo lilipotajwa, mjumbe mmoja akauliza: "Huyo alicheza wapi?" Watu wakacheka, na mjadala ukaishia hapo hapo. Tukaambiwa tunyooshe mikono, na mikono ikanyooka.

Sisi hatukunyoosha. Tulipoulizwa sababu, tukajibiwa kuwa kama tuna hoja tuiandike. Basi tumeiandika.

Kwanza tuliweke sawa jambo moja, asije mtu akasema tuna chuki. Bwana yule tunampenda na heshima yake iko pale pale. Mabao yake mengine tunaweza kuyasimulia mpaka leo, mguu gani, goli la upande gani. Tunachobishania si mpira wake. Tunabishania imani yetu kwamba aliyecheza vizuri lazima atafundisha vizuri. Imani hii ni kongwe, ina utamu wake, na imeshazitia hasara klabu zenye fedha kuliko sisi.

Tuwatazame ndugu wawili wa Kiingereza, Bobby na Jack Charlton, waliozaliwa nyumba moja na kutwaa Kombe la Dunia pamoja mwaka 1966. Bobby alikuwa na kipaji kisicho na mfano, akaifungia Uingereza mabao 49. Jack alikuwa beki mrefu, mgumu, ambaye hakuna aliyemwita fundi wa mpira, lakini alipokuwa bado anacheza alikwenda kusomea ukocha. Mwaka 1973 wote wawili wakakabidhiwa timu za daraja la pili. Msimu ulipokwisha mwaka 1974, Middlesbrough ya Jack ilikuwa bingwa na ikapanda daraja, na Preston ya Bobby ikashuka daraja la tatu. Bobby hakudumu katika kazi ile. Jack akaja kuifikisha Jamhuri ya Ireland robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1990. Nyumba moja, mama mmoja, medali moja. Kama ukubwa wa mchezaji ndio kipimo, msimu ule ungekwenda kinyume.

Mtasema hayo ni ya zamani. Basi tuje hapa jirani. Mwaka 2011 Al Wasl ya Dubai ilimleta Diego Maradona. Ghuba nzima ilisisimka. Mwaka mmoja baadaye, hakuna kombe, kibarua kikaota nyasi. Kabla ya hapo aliiongoza Argentina ikafungwa 6-1 na Bolivia mwaka 2009, kisha 4-0 na Ujerumani katika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2010, na kikosini alikuwa na Messi. Mwaka 2020 Juventus ilimpa Andrea Pirlo timu kubwa kabla hajawahi kuongoza hata mechi moja. Alipata Kombe la Italia, tusimdhulumu, lakini timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa ligi mara 9 mfululizo ikamaliza ya nne, naye akaondolewa.

Na nani aliyeipa Oman Kombe la Ghuba la kwanza katika historia yake, hapa hapa Muscat, Januari 2009? Ni Claude Le Roy, Mfaransa aliyecheza mpira wa kawaida na ambaye hakuwahi kuitwa timu ya taifa ya kwao. Usiku ule wengi wetu tulizunguka mjini tukipiga honi mpaka alfajiri, na hatukumsikia hata mmoja akiuliza alicheza wapi. Aliyewahi kuwa msaidizi wake, Hervé Renard, alikuwa beki asiyejulikana, akafungua kampuni ya usafi alipoacha kucheza. Akaja kuipa Zambia Kombe la Afrika mwaka 2012 na Ivory Coast mwaka 2015, na mwaka 2022 akaiongoza Saudi Arabia kuifunga Argentina 2-1 kule Qatar. Arrigo Sacchi alikuwa muuza viatu. Aliposimangwa kwamba hakucheza, alijibu kuwa hakujua kwamba mpanda farasi lazima kwanza awe farasi. Milan yake ikatwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990.

Kwa nini inakuwa hivi? Hebu tuachane na mpira kidogo, tutazame madarasa yetu ya Kiswahili ya watoto waliozaliwa huku. Sote tunakisema Kiswahili kama maji. Mtoto anauliza: "Kwa nini ni kiti kizuri, lakini mti mzuri?" Tunababaika. Tunamjibu: "Ndivyo tunavyosema." Akikosea tena tunapandisha sauti, kama kwamba tatizo ni masikio yake. Jibu tunalo ulimini, lakini hatujui limetufikia vipi. Mgeni aliyejifunza ngeli moja moja, akakosea na kuchekwa, ndiye anayeweza kumwonyesha mtoto njia, kwa sababu yeye njia hiyo aliipita kwa miguu. Sisi tulizaliwa tumeshafika.

Mchezaji mkubwa yumo katika hali hiyo hiyo. Anaona nafasi kabla haijafunguka, na anadhani kila mwenye macho anaiona. Wiki iliyopita mtoto mmoja wa miaka 13 alimuuliza baba yake ndani ya gari, nasi tumekaa kiti cha mbele: "Baba, mwalimu kila saa ananiambia 'ona, ona!' Sasa nione nini?" Baba hakuwa na jibu. Alhamisi iliyofuata mtoto hakwenda mazoezini. Walikuwa watoto 22 mkutano ulipofanyika. Jumamosi hii tuliwahesabu wenyewe, wako 13. Wale 9 wengine wako wapi jioni hizi, kila mzazi anajua mwenyewe.

Kazi yetu sisi ni uhandisi. Tulisomea Uingereza, na zaidi ya miaka 25 tumekula kwa jasho la mitambo. Huko nako kosa hili lipo, na tumewahi kulifanya kwa mikono yetu. Tulikuwa na fundi wa kuchomelea ambaye mshono wake haukurudiwa hata siku moja. Tukamtukuza, tukamfanya msimamizi wa mafundi 12. Hakuweza kumwelekeza hata mmoja. Alikuwa akimpokonya kijana chombo na kuifanya kazi mwenyewe. Miezi 3 haikwisha, tukawa tumepoteza fundi bora na kupata msimamizi mwenye uchungu. Aliyekosa hakuwa yeye, ni sisi tuliompa zawadi isiyomfaa.

Tunajua watakaotujibu wameshashika majina yao: Cruyff, Beckenbauer, Guardiola, Zidane. Ni kweli, na hatuwakimbii. Franz Beckenbauer alitwaa Kombe la Dunia akiwa nahodha mwaka 1974 na akiwa kocha mwaka 1990. Lakini tazameni walivyofika. Pep Guardiola alianza na timu ya pili ya Barcelona, daraja la nne, mwaka 2007. Zinedine Zidane alikaa benchi msimu mzima chini ya Carlo Ancelotti, akaenda kufundisha timu ya pili, ndipo Januari 2016 akapewa Real Madrid, na Kombe la Ulaya likaja mara 3 mfululizo. Wakubwa hawa walikubali kuwa wadogo tena. Johan Cruyff, naye, alikuwa akiwapanga na kuwaelekeza wenzake tangu angali uwanjani, maana yake ualimu alikuwa nao kabla hajapewa cheo. Kwa hiyo hatusemi mchezaji mkubwa hawezi kufundisha. Tunasema ukubwa wake si cheti. Na kucheza si bure pia. Aliyewahi kusimama mbele ya mashabiki elfu thelathini anaijua hofu ambayo daftari haliijui. Lakini hilo ni chumvi, na chumvi haishibishi.

Lugha yetu ililijua hili kabla yetu. Kwetu huyu mtu hatukumwita bosi wala meneja, tulimwita mwalimu wa timu. Sasa nani kati yetu angempeleka mwanawe kwa mwalimu wa hesabu kwa sababu tu mwalimu huyo alikuwa wa kwanza darasani mwaka 1979? Tungeuliza amesomea wapi ualimu, wanafunzi wake wamefika wapi. Kwa nini basi kwenye mpira, ambako tunawakabidhi magoti ya watoto wetu na nyoyo zao, tunaridhika na sifa za jukwaani?

Au tuseme ukweli wenyewe unaouma. Kura zile hatukuwapigia watoto. Tulijipigia wenyewe. Tulitaka kusimama kando ya uwanja jioni, kikombe cha kahawa mkononi, tumwone tena shujaa wa utoto wetu akipita na filimbi, na kwa dakika 90 tuwe tena juu ya ule ukuta wa Unguja. Ni tamaa ya kibinadamu na hatuicheki, kwani nasi tunayo. Ila watoto hawa hawakuwepo ukutani. Wao wanataka mtu wa kuwaambia waone nini.

Pendekezo letu kwa mkutano mkuu ni jepesi. Kijana arudishiwe timu, na fedha tulizotenga kwa chakula cha usiku cha mwaka huu zimlipie mafunzo ya leseni, aanze na ngazi ya chini na kupanda. Bwana mkubwa awe mlezi wa timu, aje kila mwezi awaonyeshe watoto namna ya kupiga faulo, jambo ambalo mpaka leo hakuna anayemshinda. Na akipenda kuwa mwalimu, mlango uko wazi. Aingie darasani pamoja na kijana, aanze naye ngazi ya kwanza. Siku akitoka na leseni, mkono wetu utakuwa wa kwanza kunyooka.

Mpaka siku hiyo, mtu akiuliza tena "alicheza wapi?", tunaomba wajumbe wasicheke. Wamuulize naye: "Na nani aliyefundishika mikononi mwake?"