TUSIUCHAPE MKONO UNAOJIFUNZA KUANDIKA



Wapenzi wasomaji wetu, wazazi na wanafunzi, mwaka huu tumeona tuandike juu ya mkono. Wapo walimu, wa madrasa na wa shule, ambao mtoto akiandika jimu iliyopinda humwambia anyooshe vidole, kisha huvichapa. Wapo na wazazi ambao wakioneshwa daftari huongeza fimbo nyingine nyumbani. Wanasema mtoto ni mvivu. Sisi hatukubaliani nao.

Hebu tumtazame kijana wa hapa Lushoto anayeokota jiwe ili aangushe peasi la jirani (jambo ambalo hatulihalalishi!). Jicho ndilo linalotangulia. Nuru hutoka kwenye tunda na kuingia jichoni, kama alivyoeleza mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham katika Kitab al-Manazir, karne ya 11. Habari hiyo husafiri kwa mishipa ya fahamu mpaka nyuma ya ubongo, usawa wa kisogo. Kutoka hapo sehemu nyingine za ubongo hupima tunda liko umbali gani na mkono uko wapi, kisha amri hushuka kwa uti wa mgongo hadi begani, kwenye kiwiko na vidoleni. Upande wa kushoto wa ubongo huamrisha mkono wa kulia, na upande wa kulia huamrisha mkono wa kushoto. Chini ya kisogo, karibu na shingo, ipo sehemu iitwayo serebelamu, ambayo hulinganisha kilichokusudiwa na kilichotokea. Jiwe la kwanza likipita juu ya tunda, la pili litashushwa kidogo. Hakuna aliyemchapa; kule kukosa ndiko kulikomfundisha.

Kalamu ni ngumu zaidi kuliko jiwe. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo vidoleni, imo chini ya kiwiko, nayo huvuta kano kama kamba. Shika mkono wako hapo, chezesha vidole, utaisikia. Tena wanafunzi, jaribuni jambo hili: fumbeni macho muandike majina yenu. Herufi zitasomeka, maana ubongo umekwisha kuzizoea kwa kuzirudia mara nyingi, lakini mstari utapanda na kushuka kama njia ya kwenda Mtae, kwa sababu jicho halipo kuusimamia. Mtoto wa miaka 6 bado hajazizoea hizo herufi, na jicho lake bado linajifunza kuuongoza mkono. Huyu wa kwetu ana mtihani wa ziada: asubuhi shuleni kalamu inakwenda kulia, jioni madrasa inakwenda kushoto.

Mama anayechuma chai upande wa Bumbuli, macho yake huwa kwenye chipukizi linalofuata wakati vidole bado vinakata la kwanza. Wepesi ule hakuupata kwa wiki moja.

Kidole kilichochapwa huuma, na mtoto mwenye woga huikaza kalamu mpaka hati inazidi kuharibika. Akili yake haiko tena kwenye herufi, iko kwenye fimbo. Na yule anayeinama mpaka pua inakaribia kugusa daftari, apelekwe hospitali akapimwe macho kabla hajaitwa mvivu. Jicho lisipoona vizuri, mkono utafuata nini?

Wapo pia watoto wa mkono wa kushoto, takriban mtu 1 katika kila watu 10. Hawa huonewa maradufu, tena kwa jina la dini. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kula na kunywa kwa mkono wa kulia tunayafundisha, na watoto hawa nao wayafuate. Lakini kwa maoni yetu tonge ni jambo moja na kalamu ni jambo jingine. Zaidi ya hayo, mtoto huyu akiandika Kiswahili mkono wake huyafunika maneno aliyokwisha kuyaandika, na wino hupakaa. Akiandika Kiarabu mkono hutangulia kwenye karatasi tupu, naye huliona kila neno aliloliandika. Yaani katika somo letu ana nafuu kuliko wenzake! Aachwe aandike, alilaze daftari kwa namna inayomfaa, na akalishwe mwisho wa benchi upande wa kushoto, asigongane viwiko na mwenzake.