Pensheni isiishie kwa mwenye mshahara

Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, viongozi wetu husimama majukwaani na kukumbusha kwamba penye wazee hapaharibiki neno. Hayo ni maneno ya haki, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini mzee haishi siku moja kwa mwaka. Zimebaki siku nyingine 364, na katika kila moja ya siku hizo kuna unga wa kununuliwa, maji ya kutekwa, dawa za kumezwa na mjukuu wa kushonewa sare ya shule. Leo tunapenda kuzizungumzia hizo siku 364.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanamfahamu vizuri mstaafu wa mji mdogo wa pwani. Tutwae mfano wa karani mstaafu wa Mkokotoni, kaskazini ya Unguja. Akishasali alfajiri hushuka dikoni kutazama vyombo vinavyorudi na vile vinavyovuka kwenda Tumbatu. Hununua samaki wa kitoweo, na pengine hupewa bure na kijana anayemheshimu kama baba yake. Jua likipanda hurejea barazani, akasikiliza redio na kucheza bao na wenzake. Mkewe hakupata kuajiriwa hata siku moja. Amelea watoto, amesuka ukili, amepalilia muhogo na amechokoa pweza miambani kila maji yalipotoka. Wote wawili wamekwisha kupindukia miaka 70.

Bwana huyo ana pensheni yake ya utumishi. Lakini mbali na hiyo, kila mwezi yeye na mkewe hupokea Pensheni Jamii, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe. Mpango huo ulianzishwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mwezi Aprili 2016. Ulianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, awe tajiri au fukara. Wazee zaidi ya 20,000 waliandikishwa, na fedha zake zilitoka katika hazina ya Zanzibar yenyewe wala si katika mfuko wa mfadhili. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi shilingi 50,000.

Fedha hizo si nyingi, na hakuna anayedai kwamba zinamshibisha mtu mwezi mzima. Thamani yake ni nyingine. Bibi yule wa Mkokotoni, ambaye maisha yake yote aliomba hata fedha ya chumvi kwa mumewe, sasa anazo shilingi zake. Akitaka kumnunulia mjukuu daftari ananunua. Akitaka kuchangia maziko ya jirani anachangia. Mwanamke wa miaka 70 na ushei amepata, kwa mara ya kwanza, kipato kisichopita katika mkono wa mtu mwingine.

Je, wenzao wa rika hilo walioko Bara hali zao zikoje? Tumeuchagua Mkoa wa Singida kwa makusudi. Ni mkoa wa katikati ya nchi, kilomita karibu 700 kutoka Dar es Salaam. Pwani pekee inayojulikana huko ni kingo za maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo ubavuni mwa mji wa Singida. Wengi wetu tunaufahamu mkoa huo kwa kuku wake wa kienyeji, asali ya Manyoni, vitunguu na mafuta ya alizeti. Ni wachache wanaojiuliza kuku hao walifugwa na nani, na alizeti hiyo ilipaliliwa na nani.

Tutwae tena mfano wa mstaafu na mkewe. Bwana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliingia darasani wakati Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na walimu wakahitajika kwa maelfu. Asubuhi alifundisha watoto na jioni akafundisha kisomo cha watu wazima. Alistaafu kwa mujibu wa sheria alipotimiza miaka 60. Mkewe ni mkulima. Mshahara wa mwalimu haukutosha wakati wo wote, na kilichoijaza nafasi iliyobaki ni jembe la mkewe. Mtama na uwele wa kula vilitoka shambani mwake. Alizeti ya kuuza ilitoka shambani mwake. Ada, sare na madaftari ya watoto vilitokana na kuku wake.

Sasa wote wawili ni wazee, lakini siku yao haijapungua kazi. Bibi huamka jogoo wa kwanza, akawasha kuni, akapika uji wa wajukuu walioachwa na wazazi wao waliokwenda mjini kutafuta maisha. Mzee hufungulia mbuzi wachache, kisha hufuata maji, kwani mgongo wa mkewe hauwezi tena ndoo. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mvua ikikatika Februari mtama ukiwa bado haujatoa masuke, nyumba hiyo hujua mapema kwamba mwaka utakuwa mgumu. Jioni wanakula ugali na mlenda, na mazungumzo yao huwa ni hesabu: dawa ya shinikizo la damu ya mzee, nauli ya kwenda benki, deni la dukani.

Mwisho wa mwezi pensheni ya mzee huingia benki. Ya bibi haiingii, kwa sababu hana. Na hapa ndipo penye kiini cha maoni yetu. Miongoni mwa mafao ya mfuko wa watumishi wa umma, mstaafu anapofariki wategemezi wake hulipwa mkupuo ulio sawa na pensheni ya miezi 36. Baada ya hapo mlango hufungwa. Mjane wa miaka 72, aliyelima nusu karne ili taifa lipate mwalimu aliyeshiba, atakapofika miaka 75 atakuwa hana haki ya senti moja. Huyo ndiye mwenye bahati, kwa kuwa mumewe aliajiriwa. Jirani yake, ambaye mume na mke wote walikuwa wakulima, hata hiyo miezi 36 hawakupata kuisikia.

Tumeufuatilia mjadala mrefu wa kikokotoo uliotikisa nchi. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mmoja, na kanuni zilizofuata zikaleta manung'uniko makubwa hata Rais John Magufuli akazisitisha mwezi Desemba mwaka huo huo. Kikokotoo kingine kilianza Julai 2022, mkupuo ukiwa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 asilimia hiyo ikapandishwa hadi 40 kwa wale waliokuwa wamepunguziwa kutoka 50. Wafanyakazi walikuwa na haki ya kudai, nasi twawapongeza kwa kudai. Lakini katika miaka yote hiyo ya asilimia na hesabu, hatukusikia sana swali hili: kikokotoo cha mkulima ni kipi? Na mkewe mwalimu, yeye atakokotolewa wapi?

Wapo watakaojibu kwamba wazee wana watoto wao. Ni kweli, na mtoto asiyemtunza mzazi wake amekosa utu na amekosa dini. Lakini watoto hao wenyewe wengi ni wachuuzi na vibarua wa mijini, na mara nyingi ni wao wanaomletea bibi wajukuu wa kulea. Wapo pia watakaosema kwamba upo mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Mpango huo umefanya kazi njema, lakini shabaha yake ni kaya iliyothibitishwa kuwa maskini kupita nyingine. Haukukusudiwa kuwa haki ya kila mzee kwa sababu ya uzee wake.

Na wapo watakaosema kwamba Serikali haina fedha. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa, kwani Bara ina watu wengi kuliko Visiwani mara nyingi sana. Hata hivyo, Lesotho, ambayo si nchi tajiri, imewalipa raia wake waliotimiza miaka 70 tangu mwaka 2004. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2018 kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Zanzibar nayo haikungoja kuwa tajiri ndipo ianze. Ilianza kwa kiwango kidogo na kwa umri mkubwa, ikapandisha kadiri uwezo ulivyoruhusu. Yafaa pia ikumbukwe kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililokemea vikali kuishi kwa jasho la mwingine, liliwahesabu wazee miongoni mwa wachache wanaostahili kutunzwa na wenzao. Hiyo haikuwa hisani. Ilikuwa ni malipo ya jasho walilokwisha kulitoa.

Kwa hiyo tunaishauri Serikali ya Muungano ipange ratiba iliyo wazi ya kuanzisha pensheni ya wazee wote wa Bara. Ianze na wenye miaka 70, na kama hilo ni zito, basi ianze na wenye umri mkubwa zaidi kisha ishuke hatua kwa hatua. Malipo yawe kwa jina la kila mzee, mume kwa lake na mke kwa lake, na yafike karibu na alipo. Tunawaomba maofisa wa mikoa na wilaya, Singida na kwingineko, wasimamie kwa dhati ahadi iliyomo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ya matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, kwa kuwa kadi inayomfikisha mzee dirishani na kumrudisha bila dawa ni karatasi tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo ipimwe kwa namna itakavyomfikia bibi wa kijijini.

Nasi wa Visiwani tusivimbe vichwa. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na ile ya Limbani kisiwani Pemba, ni ushahidi kwamba Mapinduzi ya 1964 hayakuwasahau wasio na jamaa. Tunayo pia Sheria ya Masuala ya Wazee ya mwaka 2020. Lakini wajibu wa masheha ni kuhakikisha kwamba mzee asiyeweza kutoka kitandani anapata fedha yake kamili na kwa wakati, wala haipungui njiani. Mwenye miaka 68 aliyekwisha kuchakaa kwa kazi ya bahari naye anangoja.

Bibi wa Mkokotoni na bibi wa Singida ni raia wa Jamhuri moja tangu tarehe 26 Aprili 1964. Mmoja alichokoa pweza, mwingine alipalilia alizeti. Mmoja mwisho wa mwezi hupokea chake. Mwingine humtazama mumewe akirudi kutoka benki, na kimoyomoyo humwombea maisha marefu, kwa mapenzi na kwa hofu pia. Hofu hiyo tunaweza kumwondolea.