STAILI YA MCHORO SI KAZI YA BURE

Ndugu wafanyakazi,

Wako watu wasemao kwamba mchora ramani wa kompyuta hachoki, kwani kazi yake ni kubonyeza tu. Nataka niwajibu kwa jambo moja dogo, nalo ni kunakili staili kutoka mchoro mmoja mpaka mwingine.

Staili ni amri nyingi zilizofungwa pamoja kwa jina moja. Ndani ya AutoCAD, staili ya vipimo hutaja ukubwa wa tarakimu na mishale, idadi ya desimali, na hata namna ya kukadiria namba. Tangu AutoCAD 2000 kuna DesignCenter: unafungua orodha ya mchoro wa zamani, unakamata staili, unaivuta mpaka mchoro mpya. Ni kazi ya nusu dakika. Basi mkubwa wa ofisi akiona hivyo husema, "Nakili ile ya juzi, tumalize."

Lakini tazameni hatari yake. Kwanza, kama mchoro mpya tayari una staili yenye jina lile lile, ile iliyomo hubaki vile vile. Staili nyingi huachwa na jina la "Standard", basi mchoraji hudhani amenakili, kumbe hakuna kilichobadilika.

Pili, staili huja na mambo yake yote. Ikiwa ilikuwa inakadiria kwa milimita 50, nafasi ya milimita 3,580 itaandikwa 3,600. Mstari ni wa kweli, namba ni ya uongo. Seremala hapimi kioo cha kompyuta. Husoma namba na kukata mbao. Kabati limezidi milimita 20, haliingii. Nani atalaumiwa? Seremala na mchoraji. Aliyeharakisha kazi hatajwi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tuwaombe waajiri mambo matatu:

1. Kila ofisi iwe na faili moja ya kiolezo, aina ya DWT, yenye staili za jina la ofisi, na mtu mmoja tu mwenye idhini ya kuibadili.

2. Iwe pia na faili ya viwango, aina ya DWS, na kila mchoro ukaguliwe kwa amri ya CHECKSTANDARDS kabla haujatoka.

3. Saa za kutengeneza na kukagua staili zihesabiwe kuwa kazi na zilipwe. Isiwe kazi ya bure ya jioni.

Nasi wachoraji tunao wajibu. Kabla ya kuvuta staili, ifungue uisome. Baada ya kuivuta, pima mstari mmoja kwa amri ya DIST, ulinganishe na namba iliyoandikwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wachoraji, maseremala na waashi, lipelekeni neno hili kwa wawakilishi wenu, maana kosa la namba moja hutuumiza sote.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Mchora Ramani