"Ajali Haina Kinga" Husemwa na Aliye Chini ya Mnazi

Mgema akianguka, huku kwetu Mwabungo utasikia maneno matatu kabla hata hajafikishwa hospitali ya Msambweni. La kwanza: "Ajali haina kinga." La pili: "Siku yake ilikuwa imeandikwa." La tatu husemwa kwa sauti ya chini: "Lazima kuna mtu." Swali ambalo haliulizwi ni hili: kamba yake ilikuwa wapi?

Basi leo naliuliza mimi. Na wenye kununa wanune.

Hebu tupige hesabu kwanza. Minazi yetu mirefu hufika mita 20, mingine yapita. Mtu akiachia kutoka mita 20, yuko hewani kwa sekunde mbili hivi, na anagonga ardhi kwa kasi ya karibu kilomita 70 kwa saa. Hiyo ni spidi ya matatu ya Likoni na Lunga Lunga barabara ikiwa nyeupe. Na mgema hakwei mara moja akamaliza. Asubuhi yuko juu, jioni yuko juu, mti hadi mti, kila siku, manake tembo halingoji. Mvua za masika zikija shina linateleza. Panga liko kiunoni, kibuyu kinaning'inia. Kinachomshikilia ni mikono yake, nyayo zake na vidato.

Ndiyo, vidato. Wewe uliyekaa kidato cha nne, neno hilo unalitumia kila siku. Kidato ni ile alama inayokatwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Neno tumelipeleka shule, mwenyewe tumemwacha juu.

Sasa tazama watu wanaokwea kwa raha zao. Nenda Hell's Gate kule Naivasha, au Lukenya karibu na Athi River. Kuna wanaopanda majabali kwa mtindo wa zamani, bila kutoboa jiwe. Anayetangulia anabeba vyuma vyake, anavibana kwenye nyufa huku akipanda, anapitisha kamba, na mwenzake aliye chini anaishikilia. Akiteleza akiwa mita 2 juu ya chuma cha mwisho, ataanguka mita 4 na zaidi kidogo, kwa sababu kamba yenyewe inavutika. Kisha inamdaka. Wengine hata hufanya mazoezi ya kuanguka makusudi, mahali palipo salama, ili uoga usiwashike vibaya siku ya kuteleza kweli.

Msidhani hawa walizaliwa na akili hiyo. Zamani kamba zao zilikuwa za nyuzi za mimea, zikifungwa kiunoni, nyepesi kukatika. Sheria ilikuwa moja: anayetangulia haanguki. Kamba za nailoni zikaenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na miaka ya 1970 vikaja vyuma vinavyojitanua ndani ya ufa. Hapo ndipo kuanguka kulipoanza kuwa kitu cha kupangiwa. Si ati watu waligeuka mashujaa. Walikubali tu kwamba binadamu huteleza.

Sisi mgema wetu bado tunamwambia asianguke, na hata hiyo kamba mbovu hatujampa.

Najua mtanijibu nini. "Babu zetu walikwea hivyo hivyo." Walikwea, na walianguka. Aliyeanguka hayupo barazani kukusimulia.

"Mnazi si jabali, hauna ufa wa kubana chuma." Sawa. Na nguzo ya stima ina ufa? Fundi wa stima anazungusha mkanda kwenye nguzo, anauegemea, mikono inabaki huru kufanya kazi. Na nguzo yenyewe ni fupi kuliko mnazi. Kama mkanda unafaa kwa waya, mbona usifae kwa tembo?

Ila tuelewane: sisemi mtu ajifunge kamba ya mbuzi. Kamba isiyovutika ikikudaka kiunoni yaweza kukuvunja mgongo. Mkanda uliolegea utateleza na wewe mpaka chini. Hata wapanda majabali hufa wakibana vyuma vibaya. Kwa hivyo viwe vifaa vya kazi hiyo, mtu afundishwe kuvitumia, na vikaguliwe.

"Vitamchelewesha." Hii ndiyo hoja ya kweli, na siipuuzi. Mgema hula kutokana na anachoshusha. Kila dakika ya kuhamisha mkanda ni hasara yake. Lakini haraka yake inamnufaisha nani? Mwenye shamba. Mwenye mangwe. Hoteli ya Diani inayomuuzia mtalii dafu lenye mrija. Mimi na wewe tukipiga picha ufukweni Galu.

Sheria ipo. Ile ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amfidie mfanyakazi aliyeumia kazini, na awe amekata bima. Ujanja uko kwenye neno "mwajiri". Mgema huambiwa amejiajiri. Mti una mwenyewe, mauzo yana wenyewe, lakini uti wa mgongo ukivunjika ni wake peke yake, na mchango wa harambee.

Kwa hivyo nasema wazi. Mwenye shamba: hakuna mkanda, hakuna kukwea mti wako. Hoteli: unaponunua madafu, lipa na gharama ya usalama wa mkwezi. Kaunti ya Kwale: fundisheni kazi hii kwenye vyuo vya ufundi kama mnavyofundisha umeme na uashi. Na anayepanda upya afikirie minazi mifupi.

Na nyinyi mnaorekodi mkwezi akiwa kileleni na kuandika "huyu ni Spiderman wa Kwale", wallahi mnanikera. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naogopa jingine: tukimsifu sana, tunajisamehe kumnunulia mkanda. Ukirekodi tena, muulize mwenye shamba hapo hapo, kamera ikiwa imewashwa: kamba ya huyu mtu iko wapi?