Mto Msimbazi na Ramani za Mji

Mto Msimbazi, ambao huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe ukateremka hadi baharini penye Daraja la Selander, ulikuwako kabla ya Dar es Salaam yenyewe, lakini wenye kupima viwanja na kutoa vibali hutenda kana kwamba mto ndio mgeni.

Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu na baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande, tulidhani ibra imekwisha kupatikana. Kumbe baada ya hayo karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa papo hapo bondeni, Jangwani, na masika yaliposhuka mabasi yakasimama ndani ya maji mekundu ya tope, na Barabara ya Morogoro ikafungwa. Basi tutamlaumuje fakiri aliyezungushia kibanda chake matairi yaliyoshindiliwa kifusi, ilhali dola nayo imejenga mle mle?

Rai yangu ni kwamba ramani ya maji itangulie ramani ya viwanja, na wahandisi wa bonde waketi na maafisa ardhi wa manispaa kabla ya jiwe la kwanza, wala wasiitwe baada ya gharika kuhesabu hasara. Azma ya sasa ya kuligeuza bonde kuwa bustani na kuliinua daraja la Jangwani ni ya kheri, ila haitafaa kitu ikiwa huko juu vilimani miti itazidi kukatwa kwa ajili ya mkaa, udongo ukaporomoka na kuujaza mto mchanga hadi chini ya daraja hilo jipya.