Miadi ya kwanza iwe mchana

Nimesoma hoja kwamba kijana wa Mbeya au Iringa hana pa kukutana na mtu kwa mara ya kwanza isipokuwa hotelini, usiku, tena kwa gharama. Nakataa, na kinachoniudhi zaidi ni huo usiku.

Watu wawili wasiojuana vizuri wanahitaji mchana, mahali penye watu, na saa moja au mbili tu. Iringa mjini kuna mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Humo wapo wahudumu viziwi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi. Mtazame mwenzako anavyomshukuru mhudumu, utamjua kuliko kwa meseji za mwezi mzima. Mkielewana, siku nyingine pandeni jiwe la Gangilonga mkauone mji, au mwende kwenye eneo la kale la Isimila, kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya.

Mbeya nako, chai ya moto na chapati pale Mwanjelwa zinatosha, hasa Juni na Julai baridi inapouma. Ziwa Ngozi lisubiri. Ni zuri mno, lakini njia yake inapita msituni, na msituni si mahali pa kwenda na mtu uliyemfahamu juzi.

Dada zangu, mwambieni rafiki mnakokwenda, na nauli ya kurudi muwe nayo wenyewe. Kaka zangu, mkiambiwa tukutane mchana, kubalini bila kununa.