Njuga za Mtoto wa Maskini

Husemwa kwamba mtoto anayetaka kucheza ngoma ajitafutie njuga zake. Nami nilisema hivyo nilipokuwa mwalimu mkuu hapa Tabora, na binti aliyewashinda wenzake wote kwa wepesi wa miguu nikamwacha nje ya uwanja, kwa kuwa baba yake hakuwa na fedha. Sijajisamehe.

Ndugu msomaji, mji huu ulikuzwa na njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Hata mwenye msafara, pamoja na ukali wake, alijua kwamba mpagazi hutembea kwa posho. Sisi tunamtaka mtoto awaburudishe wageni wetu, kisha gharama tunamtwisha yeye! Huko Ulaya viatu vya bale, vya kuchezea kwa ncha za vidole, huchakaa upesi; lakini vikundi vikubwa huwanunulia wachezaji wao.

Msiniambie fedha hakuna. Harusi tunazichangia, na mipira ya shule hununuliwa. Basi njuga nazo zinunuliwe na shule, zitunzwe stoo, zivaliwe na kila anayejua kucheza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, hawakusema hutozwa.